Gervasi Thobias Ruhaga (1957–2026): Aliyemleta Bwana Peniki Ujiji

Gervasi Thobias Ruhaga, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu na watoto wa Ujiji walimwita Bwana Peniki, alizaliwa tarehe 19 Juni 1957 katika kijiji cha Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Thobias Ruhaga, mvuvi, na Mama Siwema, mkulima wa mihogo. Tangu utotoni aliogopa maji. Kila alipopanda mtumbwi alishika kingo kwa mikono miwili hadi nchi kavu, na baba yake alizoea kuwaambia wenzake, "Huyu mpelekeni shule. Ziwani atatuaibisha."

Alianza darasa la kwanza hapo Mwamgongo mwaka 1965 na kumaliza la saba mwaka 1971. Kati ya mwaka 1972 na 1975 alisoma sekondari Tabora, katika shule ya wamisionari. Huko, kwenye stoo ya vitabu vibovu, alikuta vitabu tisa vyembamba vya Kiingereza vilivyoandikwa enzi za Malkia Viktoria. Vyote vilihusu mpelelezi mmoja wa London, Ezra Pennick, mzee mwenye kofia ndefu na amri moja isiyovunjwa: hakuna kesi inayobaki wazi. Kitabu cha tisa kilikuwa kimeliwa na mchwa kurasa za mwisho. Kijana Gervasi alikipeleka kwa padri aliyewafundisha Kiingereza, akamuuliza muuaji alikuwa nani.

"Sijui," padri alimjibu. "Mwandishi amekufa, na mchwa hawasemi. Tafuta mwenyewe."

Alitafuta. Aliandika sura ya mwisho kwa Kiswahili, akaisomea bweni zima. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya uandishi.

Baada ya chuo cha ualimu alipangiwa Ujiji mwaka 1978, akafundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule za msingi hadi alipostaafu mwaka 2017. Mwaka 1994 alitoa kitabu chake cha kwanza. Yule mpelelezi wa Kiingereza, aliyekuwa amesahaulika hata kwao, alimfufua na kumhamishia Ujiji ya miaka ya mwisho ya misafara. Ukungu wa London ukawa moshi wa kukaushia samaki. Jina Pennick likawa Peniki. Akapewa chumba kwa mama mwenye nyumba, Bi Mwanvua, mwanamke asiyemwogopa Mzungu wala mkuu wa soko. Wasomaji wengi wanakumbuka maneno yake ya kwanza kwa mpangaji wake: "Bwana Peniki, vua hiyo kofia. Mtaa mzima unajua unapeleleza." Kufikia mwaka 2012 vitabu vilikuwa sita, na kesi zote sita zilifungwa.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila kitabu alikisoma kwanza kwa sauti katika kibanda cha Anatoli, kinyozi wa Ujiji, sura moja kila Jumamosi. Kabla ya sura ya mwisho alifunga daftari na kuwaruhusu waliokuwa kwenye benchi wabahatishe mhalifu. Wakimpata, alirudi nyumbani kuandika upya. Anatoli anasema kitabu cha nne kiliandikwa upya mara tatu, na kwamba wateja wengine walikuja bila nywele za kunyoa.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa takatifu na Dainess Gideon, mwimbaji wa kwaya, mzaliwa wa Katubuka. Huko Katubuka ndiko walikojenga. Mungu aliwajalia watoto watatu: Elikana mwaka 1985, Marcelina mwaka 1988 na Happiness mwaka 1993. Dainess hakwenda kwa kinyozi, lakini hakushindwa hata mara moja kumtambua mhalifu. Marehemu alipomuuliza anajuaje, alicheka.

"Baba Elikana, wewe ukimpenda mtu kitabuni, ukamsifia shati lake na namna anavyosalimia wazee, basi huyo ndiye kaua."

"Basi nitaanza kuwasifia wote."

"Hutaweza. Wengine unawachukia."

Elikana alikuwa fundi wa injini za boti. Tofauti na baba yake, hakuogopa maji. Siku ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2013, aliondoka Mwamgongo asubuhi peke yake kurudisha boti aliyokuwa ameitengeneza. Alasiri boti hiyo ilionekana karibu na ufukwe wa Gombe, tupu. Ziwa lilikuwa limetulia. Nanga ilikuwa imeshushwa. Injini ilikuwa imezimwa na kuinuliwa juu ya maji, kama afanyavyo mtu anayekusudia kusimama. Ndara za Elikana zilikuwa zimepangwa pamoja, ncha zikielekea nje ya boti.

Wavuvi walipiga mbizi, wakavuta nyavu, wakarudi bila kitu. Marehemu, yule aliyeogopa mtumbwi, alivuka ziwa hadi Uvira na Kalemie, akateremka hadi Kirando, akiwa na picha ya kijana wake. Alihoji mabaharia, wauza mafuta na mama ntilie wa kila gati. Wapo waliosema kijana alizama. Wapo waliosema alichukuliwa na boti nyingine. Mmoja alisema alimwona sokoni Kalemie, kisha akasema hana hakika. Aliporudi, mtu mmoja pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, alimtania, na huenda hakuwa na nia mbaya:

"Mwalimu, wa kitabuni unawakamata wote. Huyu wa nyumbani vipi?"

"Wa kitabuni niliwaficha mimi mwenyewe," marehemu alimjibu.

Ukoo wa Ruhaga una desturi yake kwa mtu aliyemezwa na ziwa asionekane. Hukatwa mgomba wa kimo chake, huvikwa sanda, huzikwa kwa sala zote, ndipo matanga huanuliwa. Mwaka 2014 kaka yake, Mzee Selestini, alikuja Katubuka na mgomba tayari. Marehemu aliutazama, akachukua panga, akaukatakata vipande na kuwapa mbuzi wa jirani.

"Gervasi, unafanya nini? Mke wako amekaa kwenye mkeka mwaka mzima."

"Kaka, ukubwa wako nauheshimu. Lakini kesi sijaifunga."

"Hii si kesi. Ni mtoto."

"Ndiyo maana," alisema.

Kwa kuwa matanga hayakuanuliwa, Dainess hakurudi kwenye kwaya. Katika ukoo huo, mama hafungui kinywa kuimba kabla mwanawe hajazikwa. Kwa zaidi ya miaka kumi na miwili aliketi benchi la nyuma ya wanakwaya wenzake, akisikiliza sauti ya kwanza ikiimbwa na wengine. Kila mwaka, Septemba ilipofika, alimwomba mumewe ruhusa ya kumzika mtoto. Kila mwaka aliambiwa angoje.

Mwaka 2015 marehemu alianza kitabu cha saba. Ndani yake Bwana Peniki anapelekewa kesi ya boti iliyokutwa tupu, nanga chini, viatu vimepangwa. Alikisoma kwa Anatoli kama kawaida. Ilipofika Jumamosi ya kubahatisha, benchi zima liligeuka kumtazama kinyozi. Hatimaye Anatoli akazima mashine ya kunyolea.

"Mwalimu, hii tusibahatishe."

Aliandika sura ya mwisho mara nyingi. Katika moja, kijana alizama. Katika nyingine aliuawa, na katika nyingine alikimbilia ng'ambo na kuoa huko. Kila moja alimsomea mkewe, na kila moja aliichoma jikoni. Mhariri wake wa Dar es Salaam alimpigia simu kumsihi achague mwisho wowote, kwani wasomaji hawatajua tofauti. Marehemu alimjibu kwamba mama wa kijana atajua. Akaongeza kwamba Peniki hana ruhusa ya kusema uongo, wala hana ruhusa ya kuacha kesi wazi, na kwa hiyo amebaki amesimama ufukweni na kofia yake.

Mwezi Mei 2024 alianza kupoteza sauti. Hospitalini Mwanza iligundulika kwamba ana saratani ya koo, iliyokwisha kuenea. Alitibiwa Mwanza, kisha akarudi Kigoma alipoelezwa kwamba hakuna la kuongeza. Miezi ya mwisho alisema kwa kunong'ona, na Dainess ndiye aliyewaeleza wageni alichosema. Jumapili tarehe 1 Machi 2026, alipokuwa akilishwa uji, alimshika mkewe mkono.

"Mama Elikana."

"Abee."

"Kesi imenishinda. Mzike."

Hakusema neno jingine la maana baada ya hilo. Alifariki dunia nyumbani kwake Katubuka siku ya Jumanne, tarehe 3 Machi 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ruhusa ilikuwa imepatikana, na familia ilikubaliana kwamba baba na mwana wazikwe siku moja. Juzi yalichimbwa makaburi mawili. Jana mchana Mzee Selestini alileta mgomba, na safari hii hakuna aliyeushikia panga. Ulivikwa sanda na kulazwa sebuleni kando ya jeneza. Dainess alikaa kati ya viwili hivyo kwa muda mrefu. Wanakwaya walisogea na kumwambia, "Dada, kesho utaimba nasi." Ndipo aliposema mtu autoe mgomba ule nje.

"Shemeji, ni wewe uliyetaka miaka yote hii," Mzee Selestini alimwambia.

"Nilitaka kwa sababu yeye alikuwa anangoja. Sasa hayupo. Nikimzika Elikana leo, nani amebaki wa kumngoja?"

Mzee Selestini akautoa mgomba nje mwenyewe. Udongo mbichi mnaouona kando ya kaburi hili ni wa lile shimo la pili. Lilifukiwa jana jioni likiwa tupu. Kitabu cha saba hakina sura ya mwisho, na familia haitampa mtu mwingine aiandike. Mama Elikana ameketi pale mbele, na leo pia hataimba.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake. Ameacha kaka yake, Mzee Selestini, mjane, Dainess, mabinti wawili, Marcelina na Happiness, na wajukuu wanne. Palikuwa na ubishi katika familia kuhusu jina moja, liandikwe kwa waliotangulia au kwa walioachwa. Mjane ameagiza lisomwe hapa: ameacha pia mwana mmoja, Elikana.

Gervasi, pumzika. Zamu ya kungoja ameichukua mkeo.