Metali ya Gramu Iko Angani

Kabla ya yote: mume wangu hakufukuzwa kazi, wala hakuwa amelewa siku karakana ilipoungua. Maneno hayo yametembea zaidi ya miaka thelathini, na jana yalifika mpaka kwenye viti vya msibani. Wasifu huu nimeuandika kwa mkono wangu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, atausoma kama ulivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari ya ufundi, na mwaka 1976 akahitimu uhandisi wa metali chuo kikuu. Jina la Gramu alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa alipima kila kitu, hata vifungo vya koti lake.

Mwaka 1979 alijiunga na taasisi ya vyombo vya angani. Kazi yake ilikuwa kuchanganya alumini na unga wa kauri, ipatikane metali nyepesi isiyopinda. Kwa miaka mingi unga ulimgomea, ukabaki mabonge. Tarehe 14 Juni 1988 aliumwaga kwenye alumini iliyoyeyuka bila kuukausha. Unyevu uligeuka mvuke, metali ikaruka mpaka darini, paa likashika moto. Hakuna aliyeumia. Mkuu wake alipouliza nani kafanya vile, alijibu mbele ya wote, "Mimi, mzee. Nilikuwa na haraka."

Alihamishiwa stoo. Kuhamishwa si kufukuzwa. Huko huko stoo aligundua kuwa unyevu uliounguza paa ndio uliokuwa ukizuia mchanganyiko. Akaomba tanuri dogo, akawa anauchoma unga kwanza. Mabonge yakaisha.

Mwaka 1989 alikuja kuposa na kipande cha kwanza cha metali yake mfukoni, kifimbo chembamba. Mjomba wangu, fundi wa malori, akacheka: "Bwana stoo katuletea fimbo ya kuchapia nzi!" Akajaribu kuikunja kwa mikono, akaiweka gotini, jasho likamtoka, fimbo haikupinda. Mama akasema, "Jamani, mpeni huyu kijana mke, kabla kaka yangu hajavunjika goti!" Tulifunga ndoa tarehe 2 Desemba mwaka huo.

Mwaka 1997 setilaiti ilirushwa ikiwa na mikono ya metali yake, inayoshikilia paneli za jua. Ilipojikunjua huko juu bila kasoro, ukumbi mzima wa taasisi ulisimama. Mkuu wake alimkumbatia: "Gramu, lile paa nimekusamehe."

"Lilikuwa zito mno, mzee."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018. Hata wodini aliinua mkongojo aliopewa, akaupima uzito, akamwambia muuguzi, "Dada, aliyetengeneza hiki kitu anatuonea wagonjwa." Alifariki mchana wa tarehe 2 Oktoba 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yetu.

Ameacha mjane, binti ambaye ni mhandisi, mwana ambaye ni daktari wa mifugo, wajukuu wawili na dada yake mkubwa. Setilaiti ile bado inazunguka, na mikono yake haijapinda.

Apumzike kwa amani, mtu aliyekiri kosa lake na kumaliza kazi yake.

Mwenye swali la ziada asiniletee. Nimesema, na sisemi tena.