Marehemu Obadia Shemahonge na Kuchi wa Sindeni

Wachungaji wetu, mashehe wetu, viongozi wa kijiji, majirani wa Sindeni na ninyi nyote mliotoka Korogwe, Segera na Kabuku, familia ya Shemahonge inawasalimu kwa heshima lakini kwa mshtuko mkubwa, maana mzee ambaye Jumatano jioni alikuwa akigombana na jogoo mlangoni kwake, leo Jumamosi yumo ndani ya sanduku mbele yetu, na wengine bado tunasikilizia kama atakohoa. Familia inafahamu pia kwamba asubuhi ya leo mlishuhudia jambo ambalo si la kawaida msibani, Yuditha, binti mkubwa wa marehemu, kuinuka kwenye mkeka wa wafiwa, kukimbia pekupeku hadi jikoni na kuipua sufuria ya watu motoni bila hata salamu, na tangu saa ile maneno hayajalala, wapo wanaosema uchungu umempanda kichwani na wapo wanaosema ni jeuri tu. Kwa sababu hiyo Jonathan, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea, ameagizwa na mjane asome historia hii yote bila kuruka kitu, na kwa kuwa yeye si mtu wa kuremba maneno, mtamvumilia.

Obadia Daudi Shemahonge alizaliwa tarehe 4 Agosti 1956 kijijini Bungu, wilaya ya Korogwe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Daudi na mama Catherine, akasoma shule ya msingi hapohapo Bungu kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa ubishi, na sifa hizo mbili hakuziacha hata uzeeni. Mwaka 1974 aliteremka tambarare akaajiriwa kwenye shamba la mkonge, upande wa korona, ule mtambo unaosaga majani ya mkonge kutoa singa, akaanza kwa kubeba majani na akafika kuwa msimamizi wa zamu, kazi aliyoifanya hadi shamba lilipofungwa mwaka 1997. Tarehe 17 Septemba 1983 alifunga ndoa takatifu na Filomena, ambaye mnamwona amekaa pale kwenye mkeka, na Mungu akawajalia watoto watatu, Yuditha aliyezaliwa mwaka 1985, Yordani mwaka 1988 na Pendo mwaka 1992, pamoja na wajukuu sita.

Mwaka 1998 alihamia hapa Sindeni kulima mahindi na machungwa, na mwaka huohuo, akiwa Segera kununua msumari, alimkuta dereva wa lori lililoharibika, mwenye tenga la kuku aliowatoa bara, akasimama akawatazama mpaka jua likageuka, kisha akaacha baiskeli yake pale na kurudi nyumbani kwa miguu na jogoo mmoja na mitetea wawili, na Filomena hakusema naye wiki nzima. Hao ndio kuchi. Kwa asiyewajua, kuchi ni kuku mrefu, shingo nene, kifua mbele, undu mdogo uliolala kichwani, miguu minene ya njano, na akitembea uani anatembea kama mwenye kijiji, hata mbwa wanampisha.

Kutokana na wale watatu marehemu alipata ukoo mzima wa kuku, akawajengea mabanda matano na kuwatenga kwa rangi, wekundu peke yao, weusi peke yao, weupe peke yao, wenye madoa ya kanga peke yao, na wale aliowapenda kuliko wote, wa rangi ya majivu, ambao ndio waliomsumbua roho. Alitaka majivu wazae majivu tu, nao hawakukubali, kila akipandisha majivu kwa majivu vifaranga vilitoka vingine vya majivu, vingine vyeusi ti na vingine vyeupe vya kuchafukachafuka, na kwa miaka mingi mzee aliwatuhumu mitetea kutoka usiku, akawatuhumu majogoo wa majirani kuruka uzio, akapandisha uzio, vifaranga vikatoka vilevile. Mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia humo mabandani alikuwa Yuditha, tangu akiwa binti wa miaka kumi na mitatu, na yeye ndiye aliyemwambia baba yake mara nyingi kwamba hiyo rangi ndivyo ilivyo na hakuna aliyeruka uzio, na mara zote alifukuzwa bandani, na kesho yake akaitwa tena.

Hapa historia lazima iseme ukweli ambao wote mnaujua, kwamba marehemu alikuwa mkarimu wa mahindi, mkarimu wa machungwa, mkarimu hata wa shati lake, lakini kwa kuchi alikuwa mchoyo wa kupindukia, hajawahi kumuuzia mtu kuku hai na hajawahi kutoa yai bichi. Mayai, ukiacha machache aliyoyaatamisha mwenyewe akihitaji vifaranga, aliyakusanya wiki nzima kwenye kikapu, Ijumaa jioni anayachemsha mwenyewe bila kumwachia mkewe, Jumamosi anayapeleka Segera kuwauzia abiria wa mabasi kwa chumvi na pilipili, na bibi Mwatumu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipomwomba yai moja tu amwekee kuku wake anayeatamia, aliletewa yai zuri, kubwa, la moto. Tangu siku hiyo bibi Mwatumu ameatamia kinyongo kwa miaka, na ana haki.

Mwaka jana, baada ya kuishi na presha tangu mwaka 2019, marehemu alilainika kidogo, akamwita Yuditha kutoka Korogwe anakofanya kazi ya cherehani, akamwambia kwamba Pasaka ya mwaka huu atamkabidhi kuchi wote, rangi zote tano. Yuditha alijenga banda la tofali lenye vyumba vitano, kwa fedha ya sare za shule alizoshona hadi macho yakauma, na majirani zake walimcheka kwamba kuku wake watalala pazuri kuliko yeye. Banda hilo lilikamilika mwezi uliopita, na liko tupu.

Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa moja asubuhi, mama Filomena alimkuta mumewe ameanguka ndani ya banda la majivu, kopo la maji likiwa mkononi, wakamkimbiza hospitali kwa gari la jirani, madaktari wakahangaika naye, na saa tano ya siku hiyohiyo akaaga dunia bila kuagana na mtu. Siku hizo hakuumwa, hakulalamika, hata chai yake tuliikuta mezani imefunikwa kwa kisahani.

Jana Ijumaa waombolezaji walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, na lori lililoleta mbuzi lilikwama Kabuku, mchana ukafika jikoni hakuna kitoweo, na kama mila yetu inavyotaka, mfiwa aliyeketi mkekani haulizwi habari za chakula, hagusi chungu na hakanyagi jikoni, kwa hiyo bibi Mwatumu hakuwasumbua kina mama walioko mkekani, alimtuma mwanawe Hussein kwa mtoto wa kiume. Yordani alikuwa ameshuka basi muda huohuo kutoka Dar es Salaam, macho yamevimba, akaulizwa kama kuku wa marehemu waguswe, naye akajibu kuku wapo, wachinjwe, akiwafikiria wale wa kawaida wanaookota uani, maana yeye na habari za mabanda walikosana tangu utotoni. Hussein ndiye aliyechinja, kama anavyochinja kwenye misiba yetu yote ili Mkristo na Mwislamu wale sahani moja, na kwa kuwa watu walikuwa wengi alianza na wakubwa, na wakubwa ndio walikuwa mabandani. Hakubaki hata mmoja. Wewe uliyekula jana na ukasifu mchuzi, ulikula ukoo mzima.

Yuditha alikuwa mkekani, alisikia makelele ya kuku akadhani ni wa uani, na sahani ilipokuja alikula kwa sababu mama yake alikubali kula kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na tonge la pili lilikuwa limeshapita alipoutazama mfupa wa paja mkononi mwake, mrefu, mnene, akaujua. Aliuweka chini taratibu, akamtazama mama yake anavyotafuna, akajifunika khanga usoni, na sisi tuliokuwa jirani naye tukadhani analia kama wafiwa wengine wanavyolia, kumbe mtu amepigwa mara mbili na hana pa kuangukia.

Asubuhi ya leo ndipo akasikia jikoni wakisema wachimba kaburi wapewe chai na mayai, na kwamba kuna kikapu kizima kimekutwa nyuma ya mlango wa mzee. Ndugu waombolezaji, yale yalikuwa mayai ya wiki hii, ambayo Ijumaa hayakuchemshwa kwa sababu mwenye kuyachemsha alikuwa amelala mochwari, mayai mabichi ya kwanza ya kuchi kupita Ijumaa yakiwa kikapuni kwa miaka ishirini na saba. Ndiyo maana binti aliinuka. Maji yalikuwa ya vuguvugu tu, mayai yalikuwa bado kwenye ungo, na bibi Mwatumu alishika kiuno akamuuliza kama amerogwa, na alipoelezwa kwamba sufuria ya jana ilimaliza kuchi wote, hakubaki hata wa mbegu, alikaa chini palepale kwenye majivu, akalia. Kisha akaenda kwake akamwondoa kuku wake wa kienyeji juu ya mayai yake aliyokuwa ameanza kuyaatamia juzi tu, akamwekea haya ya marehemu, na yale ya kuku wake ndiyo waliyokunywea chai wachimba kaburi.

Familia inatamka mbele ya jeneza hili kwamba jikoni hakuna mwenye kosa, Hussein hana kosa, bibi Mwatumu hana kosa, aliyeulizwa ni wa kwetu na aliyejibu ni wa kwetu, na Yordani amekonda kwa siku moja, msimwongezee. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea marehemu, jirani aliyetoa gari, wazee waliofanya naye kazi kwenye mkonge waliotoka Korogwe wakiwa na magoti mabovu, wachimba kaburi, na kina mama wote mliosimama motoni tangu Alhamisi.

Lililobaki ni neno la mjane. Mama Filomena ameagiza kwamba vifaranga wakipatikana, ambao haijulikani watakuwa wangapi wala wa rangi gani, wasifungiwe nyumba moja tena, Yuditha achukue wa kuanzia, wengine wagawiwe kina mama wa jikoni, jogoo au tembe, mwekundu au mweusi, asichague mtu, na kila mmoja akipata wake naye agawe. Kabla ya kuagiza hivyo alimuuliza Yuditha, kwa kuwa ndiye aliyeahidiwa na ndiye aliyejenga, na Yuditha, ambaye tulidhani atakataa, akajibu kwamba kama baba yake angempa kila jirani kuku mmoja tu, jana yeye angekuwa analia msiba mmoja.

Kaka Obadia, kwa hili hukuulizwa, na ungeulizwa ungekataa. Pumzika sasa, kwa amani.