Shangazi Anaweka Mwiko Chini

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, mpishi wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kwenye faili lake kuna majina matatu kamili, lakini ukiyataja hapa getini hata mlinzi atakuuliza unamtafuta nani. Sisi sote, kuanzia mwalimu mkuu hadi watoto wa chekechea, tunamwita Shangazi. Kwa damu, ni shangazi wa mtu mmoja tu, binti wa kaka yake, anayeishi mbali na kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Mumewe alifariki katika mwaka wake wa pili kazini, na hawakujaliwa watoto. Kwa hiyo sitapamba maneno: tunamtoa kwenye vurugu za watoto mia nne na kumrudisha kwenye nyumba ya mtu mmoja, na jambo hilo linaninyima raha.

Mimi ni mtunza stoo. Kwa miaka kumi na tisa nimempimia unga, maharage na mafuta, na kwa miaka kumi na tisa amenishutumu kuwa nina mkono wa birika. Maharage hutoka stoo siku moja kabla ya kupikwa, ili yalale kwenye maji. Basi tuligombana kila siku saa tisa alasiri, na siku asipofika kugombana nilijua anaumwa.

Alipoanza, shule haikuwa na jiko. Kulikuwa na mafiga matatu nyuma ya darasa la pili, na uji ulikuwa wa wadogo peke yao. Walimu wa zamani wanasimulia kwamba mkusanyiko wa asubuhi haukuisha bila mtoto kuanguka, na kufikia saa saba mchana darasa zima linasinzia, mwalimu anafundisha madawati. Shangazi hakuhudhuria semina yoyote ya lishe. Alikwenda kusimama dirishani mwa darasa la saba wakati wa jaribio la hesabu, akawatazama, kisha akaingia ofisini kumwambia mwalimu mkuu kwamba wale hawajashindwa hesabu, wana njaa. Muhula uliofuata wakubwa nao walikula. Muuguzi huja na mizani kila muhula kuwapima watoto, lakini Shangazi alipima kwa sahani zinaporudi. Mlaji mzuri akirudisha chakula, alimfuata mwalimu wa darasa kabla homa haijajitokeza.

Kulikuwa na binti wa darasa la tatu aliyerudisha sahani safi kupita kiasi. Shangazi akagundua kwamba anafungasha maharage kwenye karatasi ya daftari, ampelekee mdogo wake nyumbani. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba karatasi ina wino, kesho aje na kopo lenye mfuniko. Kufikia mwisho wa wiki makopo yalikuwa kumi na moja, na mimi ndiye niliyepiga kelele kwamba stoo inaisha. Binti huyo leo ni fundi wa pampu za maji, na ndiye aliyetuvutia bomba hadi jikoni.

Sasa nifike kwenye kile ambacho ripoti zetu zinakiita “mpango wa chakula cha likizo” na kukisifu kuwa ubunifu wa uongozi. Ubunifu gani! Miaka kumi na minne iliyopita, upepo wa alasiri uling’oa mabati ya madarasa manne, na shule ikafungwa wiki moja kabla ya tarehe. Watoto walitangaziwa uwanjani, wakashangilia, walimu wakafungasha. Jikoni hakuna aliyekwenda kusema. Aliyepaswa kusema ni mimi, maana maharage ya kesho yake nilikuwa nimeshayatoa.

Kesho yake nilirudi kuchukua mwavuli niliousahau, nikakuta moshi. Sufuria mbili kubwa zimeiva, sahani zimepangwa, na Shangazi amekaa kwenye benchi na aproni yake, anatazama uwanja mtupu. Hata wazazi wa zamu ya kuni hawakuja, kwa kuwa wanao waliwaambia. Alikuwa amegonga mfuniko wa sufuria mara tatu kuwaita watoto. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kuna msiba. Nilimjibu kwamba ratiba imechanganyikana. Uongo mtupu, nilimsahau, basi. Lakini majirani walishauona moshi, na watoto wakaanza kuja mmoja mmoja, wengine na wadogo zao mgongoni. Saa nane sufuria zilikuwa tupu, na ndipo tulipojua ni wangapi ambao likizo kwao ni njaa. Tangu hapo jiko halifungwi likizo. Shangazi hajawahi kuuliza nani hakumwambia. Nakiri hapa, kwenye karatasi atakayoisoma mwenyewe: ni mimi, na naomba radhi.

Ungedhani tumejifunza. Jumatatu iliyopita kamati ya sherehe hii, ambayo katibu wake ni mimi, ilibandika mgawanyo wa kazi: viti, muziki, hotuba, zawadi. Kwenye mstari wa chakula cha wageni tuliandika, bila hata mmoja kushtuka, Shangazi. Jamani! Tulimpangia apike chakula cha kumuaga yeye mwenyewe. Nilizinduka saa tisa, alipokuja kuchukua mchele wa wageni na kunigombeza vizuri tu kuhusu kipimo. Nilipomuuliza mbona hakusema, alijibu kwamba alidhani ndivyo tulivyotaka, na kwamba ni afadhali mikono iwe na shughuli kuliko kukaa mbele za watu akiagwa.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Jina lake nimelikata. Walimu ndio watakaopika, na Mungu atusaidie.

Katika mgawanyo mpya mimi nimepewa kazi ya kumpakulia, na hapo nikakwama. Niliuliza chumba kizima cha walimu Shangazi anapenda nini, na anakula kiasi gani. Mwalimu mkuu hajui. Mimi niliyempimia kila punje, sijui. Huwa anakula sote tukishaondoka, peke yake, na katika miaka yote hii hakuna aliyebaki.

Shangazi, asante kwa kila mtoto aliyefika somo la mwisho akiwa macho. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mlango unaobishwa hodi mara kwa mara. Tutajitahidi wabisha hodi tuwe sisi. Ijumaa njoo mikono mitupu, ukae. Nitakuletea sahani, nitaanza kupakua, na wewe utaniambia ikitosha.

Mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote