Mwenye Jina Alipolitamka Jina Lake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara moja haitoshi kwa mambo niliyoyaona kwa macho yangu haya!

Mimi ni Mama Tabitha wa Kitangari. Wengi mnanijua kwa maneno mengi. Mume wangu husema mdomo wangu hauna breki. Kijiji kizima kinaniita kwa jina la binti yangu: bombani Mama Tabitha, sokoni Mama Tabitha, hata mbuzi nadhani wanalijua. Lakini mwenye jina mwenyewe alikuwa hawezi kulitamka!

Binti yangu ana kigugumizi tangu utoto. Maneno mengine hupita kwa tabu, ila jina lake hukwama pale pale mlangoni. Na huku kwetu mgeni akija lazima mtoto aamkie, ajitambulishe, ijulikane ni wa nani. Akianza tu "Ta-Ta," watu wanadakia: "Tabitha!" Wanadhani wanamsaidia. Mtoto anameza neno lake, anainamisha kichwa.

Mwaka huu, akiwa kidato cha tatu, alikuja mwalimu mgeni, akataka kila mwanafunzi asimame ataje jina. Zamu ya Tabitha ilipofika, darasa lilicheka mpaka meza zikapigwa. Shule zilipofunga mwezi wa sita, alirudi nyumbani, akalisukuma begi chini ya kitanda, akasema harudi tena. Jamani! Baba yake alibembeleza, mimi nikabembeleza, wapi! Nikalia mbele za Mungu: Baba, ulimpa mtoto huyu akili, mbona ulimi umeufunga?

Sasa kule Lulindi yuko wifi yangu, Mama Yohana, mlezi wa vijana kanisani. Kila likizo anawakusanya. Asubuhi wanasoma vitabu vyao, kisha wanakwenda kwa wajane na wagonjwa kufagia, kuchota maji, kupura mtama. Aliposikia habari zetu akasema, "Wifi, niletee huyo mtoto. Usimwache likizo nzima amekaa ndani anaitafuna aibu." Nikampeleka. Kwake kuna sheria moja kali: hakuna kummalizia mwenzako neno. Ukimmalizia, vyombo vya wote unaosha wewe!

Baada ya muda nikateremka kwenda kumwona, nimejitwika kapu la makopa, mihogo mikavu. Nikawakuta uani kwa mjane mmoja, fimbo juu, fimbo chini. Ninyi mnajua, mtama haupurwi kimya. Mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, na fimbo zinafuata. Wimbo ukikatika, fimbo zinagongana na mtu anaumia. Basi yule binti aliyekuwa akiongoza akapaliwa na vumbi, wimbo ukakatika! Fimbo zikabaki hewani.

Ndipo ikapanda sauti nyembamba, safi, kila neno zima. Nikatafuta ni ya nani. Ndugu zangu, alikuwa Tabitha wangu!

Huyu ambaye kanisani, wenzake wakiimba, alikuwa akichezesha midomo tu! Ulimi ule ule, Bwana, ule ule uliokuwa ukikwama, sasa ua mzima unauitikia. Nilitua kapu, nikakaa mavumbini.

Msidhani kigugumizi kiliondoka. Hakikuondoka! Alipoweka fimbo chini akanijia. "Shi-shi-shi..." Mdomo wangu ukataka kukimbia. Wifi, aliyekuwa amesimama kando yangu, akanikanyaga mguu. Nikangoja. "Shikamoo, mama." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," huku machozi yananitoka.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya likizo, nikateremka tena Lulindi. Vijana walitakiwa wasimame mbele ya kanisa, kila mmoja aseme jina lake na alichojifunza. Nilijua akishindwa pale, lile begi halitoki tena chini ya kitanda. Zamu yake ikafika.

"Na-naitwa Ta-Ta..." Akakwama. Ukaja ukimya, ndugu zangu, ukimya ambao sijawahi kuusikia kanisani. Wenzake wakamtazama kwa utulivu, kama watu wanaongoja ndoo ijae. Hakuna aliyecheka wala aliyedakia. Mimi nilijiziba mdomo kwa kanga yangu. Na nawaambia kweli, Mungu alikuwa ndani ya ukimya ule!

"Ta-Tabitha," akasema. "Nimejifunza kupura mtama. Na ni-nimejifunza kuwa watu wanaweza kuningoja."

Vigelegele! Mchungaji mwenyewe alifuta macho. Tulipofika nyumbani, Tabitha aliinama akalivuta begi lake, akalipangusa vumbi. Shule zilipofunguliwa, alitangulia yeye barabarani.

Wazazi wenzangu, watoto wetu wakirudi likizo, tusiwaache na simu na aibu zao. Tuwape kazi yenye maana na watu wa kuwapenda, tumwachie Bwana nafasi. Mwaminini, hachelewi! Mimi nilimwomba afungue ulimi, naye akaanza na masikio yetu.

Juzi nikiwa bombani na Tabitha, mama mmoja mgeni kutoka Masasi aliniuliza, "Huyu binti mzuri anaitwa nani?" Jina likanijaa kinywani. Nikalimeza, nikamwambia, "Muulize mwenyewe." Akamuuliza. Tukangoja, ndoo ikajaa ikamwagika, hakuna aliyejali. Ndipo nikalisikia lile jina ninaloitwa kwalo mimi, Tabitha, likitoka kinywani mwa mwenyewe. Sifa ni zake Mungu!