Mwalimu Elieth Kokwijuka na Ndugu Aliyemwandika

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Buganguzi na ninyi mliosafiri kutoka Bukoba, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Elieth Kokwijuka, na inawaomba uvumilivu pale yatakaporefuka, kwani ndivyo alivyoagiza mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Buganguzi, wilaya ya Muleba, mtoto wa kwanza wa Mzee Mutembei na Mama Hellen, akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Kahigi, ambaye marehemu alimbeba mgongoni na kumfundisha herufi kwa kijiti uani. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, 1969 hadi 1975, sekondari mjini Bukoba hadi 1979, kisha chuo cha ualimu, na tangu 1982 hadi alipostaafu mwaka 2021 alifundisha Kiswahili mjini Bukoba, akipenda wanafunzi wasome kwa sauti ili wasikie sentensi inavyotembea.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na Bwana Julius, wakajaliwa Joyness na Protase, na ndoa hiyo ilipokoma mwaka 1999, miezi michache baada ya Mzee Mutembei kufariki, marehemu alirudi nyumbani na watoto na masanduku. Kahigi, ambaye sasa ndiye aliyerithi kibanja, shamba la migomba na kahawa la baba, alimpokea sebuleni, akamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama apewavyo mgeni, na marehemu alipokiona alielewa kwamba ameambiwa kwa adabu kuwa hapa si kwake tena. Hakuuliza, wiki haikuisha akarudi Bukoba na kupanga vyumba viwili Kashai.

Huko ndiko alikoandika riwaya yake, *Mlango wa Zakaria*, iliyotoka mwaka 2004, ambamo kaka aitwaye Zakaria anamfukuza dada yake kwenye mvua, na kaka huyo anatembea kama Kahigi, anakohoa kama Kahigi kabla ya kuingia ndani. Wasomaji wa hapa hawakuhitaji kuelezwa. Kwenye kupima kahawa walimwita Kahigi Zakaria, wakamuuliza dada yake leo amelala wapi, naye akaendelea kushusha magunia yake.

Mwaka 2022 marehemu aliugua figo, na Kahigi alikodi gari, akamfuata Kashai, akamrudisha katika chumba cha mama yao. Siku moja akimnywesha uji alimweleza kwamba kile kikapu alikileta kwa sababu mama na baba walikuwa wamekufa, yeye Elieth ndiye mkubwa aliyebaki, na hakujua heshima nyingine ya kumpa. Marehemu akamuuliza kwa nini alikaa na aibu ile miaka yote bila kusema, na Kahigi akajibu kwamba angesema, yeye angeandika nini. Walicheka hadi Joyness akaja kuangalia kuna nini.

Basi marehemu aliagiza litamkwe mbele yenu nyote, kwamba Zakaria alipewa mwendo na kikohozi cha Kahigi, lakini kufukuza kule kulitoka katika hofu yake mwenyewe, hofu ya mwanamke aliyeondoka nyumba moja bila kujua kama ipo nyingine, na kwamba anayemwita ndugu yake jina lile anamwita kwa kosa la mwandishi.

Marehemu alifariki tarehe 9 Juni 2024, akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba, walimu wenzake waliokuja kumsomea, na majirani mliombeba kwa machela hadi barabarani mvua ilipokata njia.

Wapo waliouliza kama binti aliyeolewa azikwe kwenye kibanja cha baba. Kahigi hakubishana na mtu, alichukua jembe akaonyesha mahali, ubavuni mwa Mzee Mutembei.

Pumzika kwa amani, Elieth, hapa ni kwenu.