Mama Françoise Kavira, Mwenye Jina la Mji

Mama Françoise Kavira alizaliwa Butembo tarehe 14 Agosti 1951. Alisoma kwa masista hadi mwaka wa nne wa msingi, akaondolewa ili kaka yake asome. Huyo kaka hakumaliza hata mwaka wa pili, na Mama hakuacha kumcheka mpaka alipomzika.

Mwaka 1971 alifunga ndoa kanisani na Papa Katembo, dereva wa lori. Mwaka 1979 mto Lowa ulibeba daraja, na lori lao likakwama ukingoni pamoja na mengine. Wanaume wakakaa chini kuilaumu serikali. Mama akawasha moto, akapika maharage ya Kingi yaliyopakiwa kwenye lori na fufu, ugali wa muhogo, akawalisha wote. Daraja liliporudishwa, hakuondoka. Madereva wakazoea kuambiana, "Tukalale Kwa Kavira." Pori likawa soko, soko likawa mji, na jina likabaki.

Wakubwa wa mji walipoota vitambi na kuvaa tai, waliona aibu mji wao kubeba jina la mpika fufu. Mwaka 2019 walisimamisha kibao kando ya mto: eti Kavira huyo ni marehemu mama yake Papa Esdras, tajiri wa magari. Papa Esdras alikuja mwenyewe kumweleza.

"Mama, kila nyumba ya Wanande iko na Kavira. Juu ya nini ikuwe weye?"

"Mama yako aliogopaka muto," Mama akamjibu, akiendelea kusonga fufu. "Hakufikaka hapa hata siku moya. Alipikiaka nani?"

Tajiri yule, ambaye utotoni alipopita na madereva alishibishwa na sufuria hiyohiyo, aliondoka, na kibao chake kikabaki. Kilimuuma Mama, tusidanganyane.

Aliugua kisukari tangu 2022. Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2024, binti yake Wivine akiwa amemshika mkono.

Jana komite ya mji ilituma watu kwetu wafiwa. Waliomba msalabani tuandike Françoise tu, wageni wasichanganyikiwe. Watu waliokula kwake bure, leo wanaogopa maiti yake! Tuliwapa chai, na bila haya wakanywa. Msalaba uko mbele yenu, wenye kujua kusoma wasome: KAVIRA.

Ameacha mume wake Papa Katembo, watoto wake Wivine na Archange, wajukuu, na mji mzima usio na shukrani. Mama, pumzika kwa amani. Uko kwako.