Maharagwe ya Wiki Nzima

Kwenye treni ya jioni, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa akipiga simu isiyopokelewa. Akamweleza muuza matunda wa pembeni yake kwamba Jumapili alipika maharagwe ya wiki nzima, akayagawa kwenye vikopo, akayagandisha, ili pesa ifike siku ya mshahara. Leo mama mkwe amekuja bila taarifa, na yuko peke yake na friji. "Mama yule chakula kilicholala anakimwaga. Anasema mwanawe halishwi viporo."

"Na wewe, mwanangu, mume unampa kiporo?"

"Si kiporo, shangazi, ni mpango!"

"Kikilala ni kiporo, hata ukikipa cheo." Mimi niliyekuwa nikiwasikiliza, viporo ndivyo vilivyonilisha nilipokuwa nikizunguka dunia.

"Sasa kikimwagwa, watoto watakula huo usafi wake?" fundi akamuuliza.

Simu ikalia. "Shikamoo, mama. Friji? Umeisafisha yote, hata vikopo?" Akasikiliza jibu. "Asante, mama."

"Umeona?" muuza matunda akamgusa bega. "Mkwe mwema huyo." Treni ikasimama kituo cha mwisho. Tukateremka wengine wote, fundi akabaki ameketi, simu bado sikioni.